Tuuze Coaster tununue HiAce ya kulala?

*Swali:* Fundi, pole na kazi. Mimi na mume wangu ni wastaafu, tunaishi Mbezi Juu. Miaka sita iliyopita tulinunua Coaster ndefu iliyokuwa basi la shule, tukaigeuza nyumba: kitanda kipana, choo, bafu, jiko, friji kubwa ya nyumbani na tenki la maji la lita 300. Tumefika nayo Mbeya, Iringa na Tanga. Siku hizi kuiingiza uani ni vita, mafuta yanatumaliza, na mwaka jana ilitoka mara mbili tu. Mimi nataka tuiuze, tuchukue HiAce tuigeuze ya kulala. Mume wangu hataki kusikia. Anasema tutabanana kama dagaa, na makabati ya Coaster aliyapigilia kwa mkono wake. Wewe uliyetengeneza zote mbili, unatushauri nini? Na kama ni HiAce, tuchukue ipi, na vitu gani tutaweza kuhamisha?

*Jibu:*

Shikamoo mama. Na baba naye nampa shikamoo yake, maana nataka nianze na hoja yake.

Baba anasema kweli, mtabanana. Wanaotangaza haya magari madogo hupiga picha mlango ukiwa wazi, bahari kwa nyuma, godoro limetandikwa shuka jeupe. Hawapigi picha ya saa tisa usiku mvua inanyesha, mmoja anataka kwenda chooni na mwingine amelala njiani. Coaster ndefu ina urefu wa karibu mita 7 na upana wa mita 2 na kidogo, na mtu mzima anatembea ndani amesimama wima. HiAce ya kawaida, ile ambayo Dar nzima tuliizoea kwa jina la kipanya, ina urefu wa mita 4.7 na upana wa mita 1.7. Ukitoa viti vya mbele, nyuma unabaki na kama mita 3 kwa mita 1.5, na kutoka sakafuni hadi paa ni mita 1.3. Humo hata mtoto wa darasa la sita anainama.

Mimi nawaambia wateja wangu hivi: ndani ya Coaster unaishi, ndani ya HiAce unalala. Kupika, kukaa, kuoga, kupokea mgeni, kusoma gazeti, vyote vinatoka nje ya mlango. Anayependa kukaa nje haoni shida yoyote. Anayependa kufunga mlango saa kumi na mbili jioni, akae mezani na taa yake na redio yake, huyo HiAce itamtesa hata ingekuwa na makabati ya dhahabu. Kwa hiyo kabla ya kuongea bei na modeli, jiulizeni nyinyi ni wa aina ipi. Na msijibu kwa mdomo, kwa sababu mdomoni kila mtu anapenda kukaa nje.

Fanyeni hivi. Chukueni chaki au utepe wa rangi, mchore sakafuni mwa Coaster yenu mstatili wa mita 3.5 kwa mita 1.7. Hicho ndicho chumba cha HiAce kubwa, ambayo nitaieleza hapo chini. Kisha nendeni na Coaster hiyo hiyo Bagamoyo au Kigamboni, mlale usiku tatu bila kuvuka mstari: godoro ndani ya mstari, nguo ndani ya mstari, chakula ndani ya mstari. Choo cha Coaster kifungeni. Bafu lifungeni. Friji kubwa izimeni, mtumie kisanduku cha barafu. Kupika iwe nje, chini ya turubai. Na ikiwezekana chagueni wikiendi ya masika, mwezi wa nne, msichague Julai wakati hata kuku wanalala nje. Nimewapa watu wengi jaribio hili na limeokoa pesa nyingi. Kuna familia moja waliorudi usiku wa kwanza, saa tano, hawasemeshani. Kuna wengine walirudi baada ya wiki nzima wakaniuliza nusu nyingine ya Coaster walikuwa wanaifanyia nini.

Sasa tuseme mmevuka usiku wa tatu salama.

HiAce ipi? Kama mfuko unaruhusu, tafuteni ile ndefu yenye paa la juu, wanayoiita Super Long, ya umbo lililoanza kutoka mwaka 2004. Ina urefu wa mita 5.38, upana wa mita 1.88 na kimo cha karibu mita 2.3. Nafasi ya nyuma ni kama mita 3.5 kwa mita 1.7, na kimo cha ndani ni mita 1.6 kabla ya kuweka sakafu na dari. Ukishazitandika unabaki na mita moja na nusu na kidogo. Mama wa kimo cha wastani anavaa suruali bila kulala chali. Baba atainama, lakini atainama kama anaingia mlango wa nyumba ya kizamani, hatainama kama anaokota sindano. Geti lenu la Mbezi Juu litaipitisha. Ila parking za chini ya maghorofa ya mjini mara nyingi zina chuma cha mita 2.1 mlangoni, hizo zisahauni.

Ile ya kawaida yenye kimo cha mita 1.98 naipenda kwa kijana mmoja au wawili wanaotoka Ijumaa na kurudi Jumapili. Kwa watu wa umri wenu, wenye magoti yaliyokwisha kufanya kazi miaka arobaini, siishauri. Kuingia ndani kwa kuchuchumaa mara kumi kwa siku kutamfanya baba aichukie safari yenyewe. Noah na Alphard naziruka, hizo ni za kulala siku moja ukirudi harusini. Na mtu akiwashawishi mchukue Coaster fupi, ile ya mita 6.25, mkumbusheni kwamba mtakuwa mmepunguza sentimita 74 tu. Geti litabaki lile lile na ugomvi utabaki ule ule.

Nissan Caravan si mbaya, na wakati mwingine inapatikana kwa bei ya chini. Mimi nabaki na HiAce kwa sababu moja tu: spea. Ikiharibikia Kibaigwa au Namanyere, kuna mtu jirani anaendesha abiria kwa gari hilo hilo, na fundi wake analijua kwa kupapasa gizani. Msichukue iliyokwisha kupiga daladala. Nje wataipiga rangi itang'aa, lakini inua zulia utazame sakafu karibu na ngazi ya mlango na kwenye matao ya tairi za nyuma. Kutu ya jasho, maji ya mvua na chumvi ya pwani inakula kutoka chini, na sakafu ya kabati zako ndiyo hiyo. Chukueni iliyotoka Japani ikiwa ya mizigo au ya abiria wachache. Kabla ya kumlipa wakala, ingieni kwenye kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika mjue ushuru mapema, maana gari lililozidi umri fulani linaongezewa ushuru wa uchakavu, na kuna watu wameshangaa bandarini wakati gari limeshafika.

Kitanda ndicho kinachopanga kila kitu kingine. Watu wengi huota kulala kwa upana wa gari ili nafasi ibaki mbele. Kwenye HiAce ya kawaida haiwezekani kwa mtu mzima, mita 1.5 ni miguu ukutani. Kwenye Super Long mita 1.7 inapungua mara tu ukiweka sponji ya kuzuia joto na plaiwudi kila upande. Unabaki na 1.62 au 1.65. Mtu mfupi atapita. Sijui kimo cha baba, lakini kama anazidi futi tano na inchi tatu, laleni kwa urefu wa gari. Wanandoa wa umri wenu nawatengenezea vitanda viwili vyembamba, kila kimoja sentimita 65, na njia ya sentimita 35 katikati. Usiku anayeamka hamruki mwenzake. Mkitaka kulala pamoja, kuna ubao wa kati unaoletwa juu ya njia na godoro lake. Urefu wa kitanda kutoka sakafuni uwe sentimita 45 hadi 50, kama kiti cha sebuleni, maana mchana ndicho kiti chenu. Chini ya vitanda ni stoo, inayofunguliwa kutokea mlango wa nyuma.

Na huo mlango wa nyuma ni zawadi. Kwenye HiAce unafunguka kwenda juu, mkubwa, na ukiwa wazi unakuwa paa. Jikoni kwenu kuwe hapo. Droo ndefu inavutwa nje, jiko la gesi juu yake, mama unasimama wima ukipika na mvua haikupati. Ukishazoea jiko hilo hutalikumbuka la Coaster. Upande wa kushoto, kwenye mlango wa kuteleza, funga turubai la mita 2.5, hapo ndipo sebule. Kwa kuwa sisi tunaendesha kushoto, mlango huo unafungukia upande wa pembeni mwa barabara, hamshukii kwenye malori.

Sasa jambo ambalo karibu kila anayetoka kwenye gari kubwa halijui mpaka limkute. Kwenye Coaster, ukisikia usiku kitu usichokielewa, unatembea hatua nne, unakaa kwenye usukani, unawasha, unaondoka na pajama zako. Kwenye HiAce injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo hapo katikati pamenyanyuka kama kaburi na hakuna njia ya maana ya kupita. Kijana anaweza kujipenyeza. Nyinyi itabidi mfungue mlango, mshuke, mzunguke nje, mpande tena. Kwa sababu hiyo, watu wa HiAce hawalali popote kama mlivyokuwa mkilala nyinyi. Wanalala kwenye kambi yenye mlinzi, au uani kwa mtu, au kituo cha mafuta kikubwa kwa ruhusa ya msimamizi. Kama mlizoea kuegesha pembeni ya barabara ya Mikumi mkalala, tabia hiyo ibaki na Coaster. Hapo Mikumi mna kilomita kama 50 za barabara ndani ya hifadhi, na kushuka usiku kwenda kwenye usukani, simba haelewi kuwa wewe ni mstaafu.

Choo. Choo chenu cha kujengwa hakihamishiki, na msijaribu. Nunueni cha kubeba, kile cha masanduku mawili, la chini likiwa na ujazo wa kama lita 20. Kwa watu wawili wanaotumia usiku tu kinafika siku tatu. Kinakaa ndani ya kisanduku chenye mfuniko wa godoro, mchana ni kiti, usiku pazia linavutwa. Kinamwagwa kwenye choo cha shimo cha kambi au kwenye karo la nyumbani. Hakimwagwi mtoni wala kichakani hata kama hakuna anayewaona. Najua baba atanuna. Mwambie kwamba asilimia kubwa ya harufu iliyokuwa ikimsumbua kwenye Coaster ilikuwa ya lile tenki alilojenga yeye.

Umeme sasa, na hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu ndipo pesa inapoungulia. Coaster nyingi za dizeli kutoka Japani zina umeme wa volti 24. HiAce ina volti 12. Kwa hiyo inveta yenu ya volti 24 haiendi, pampu ya maji ya volti 24 haiendi, taa na feni za volti 24 haziendi, na chaja inayochukua umeme kwenye injini haiendi. Ukizifunga kwenye volti 12 nyingine zitagoma tu, lakini kuna fundi atakayekuwekea betri mbili kwa mfululizo nyuma ili "zifanye kazi", halafu hana namna safi ya kuzichaji kutoka kwenye injini. Mkatalieni. Vinavyohama ni paneli za sola, kidhibiti chake kama kimeandikwa 12/24, na betri zenyewe kama ni za volti 12 kila moja na bado hai: badala ya kuzifunga kwa mfululizo, mnazifunga sambamba. Friji ya nyumbani iacheni, au ipeni binti yenu. Hiyo inakunywa umeme kupitia inveta hata wakati haipozi kitu.

Hesabu yenu ya siku itakuwa hivi. Friji ya sanduku ya lita 40 inayotumia volti 12 moja kwa moja inavuta kama wati 45, na kwa joto letu itafanya kazi karibu nusu ya siku: wati-saa 540. Feni mbili za wati 20 kwa saa nane: 320. Taa na simu: 100. Jumla ni kama 960. Betri moja ya lithiamu ya chuma na fosfeti ya ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,280 na uzito wake ni kilo 12 hivi. Betri ya asidi ya ukubwa huo ina uzito wa karibu kilo 30, na haifai kuivuta zaidi ya nusu, kwa hiyo mtahitaji mbili. Paneli ya wati 200 juu ya paa, kwa saa tano za jua zuri na ukiondoa upotevu, inarudisha kama 700. Zinazobaki mtazipata mkiendesha, au mkiegesha kwenye soketi ya kambi. Kiyoyozi msahau kabisa. Hata kile kidogo cha nyumbani kinavuta kama wati 800, kitamaliza betri kabla hujapata usingizi. Na betri isikae karibu na viti vya mbele. Kuna joto la injini pale ambalo mkipanda mlima Kitonga mtalisikia kwenye mapaja, na lithiamu haipendi joto kuliko sisi.

Maji: kutoka lita 300 mnashuka hadi 60. Madumu matatu ya lita 20, basi, kila moja linatolewa na kujazwa popote penye bomba. Mtu mzima anayeoga kwa kopo anatosheka na lita 10 kwa siku. Pampu ndogo ya kuzamisha ndani ya dumu inafanya kazi vizuri kuliko mabomba yote niliyowahi kufunga ukutani, na ikifa unaona imekufa.

Uzito ndio ulionifundisha adabu. HiAce yangu ya kwanza ya kulala niliipeleka kwa seremala Keko, nikamwambia nataka kazi ya kifahari. Akanipa mninga mtupu, milango ya fremu, vishikio vya shaba. Kila aliyeingia alipiga mluzi. Safari ya kwanza Lushoto, kwenye kona za kutoka Mombo, tairi za nyuma zilikuwa zinasugua bodi kila tukikanyaga shimo. Niliporudi nikang'oa makabati, nikayapima kwenye mizani ya gunia: yalizidi kilo 200, bado chakula hakijawekwa. HiAce ya aina hii inabeba kama tani moja, pamoja na nyinyi wenyewe. Nyinyi wawili ni kilo 150, maji 60, friji na betri 40, turubai, gesi, vitanda, nguo na chakula, mmefika 450 mkiwa na adabu. Ndiyo, inabaki nafasi, lakini mzigo wote ukiwa juu na nyuma ya ekseli, gari linayumba kama jahazi. Tumieni plaiwudi ya milimita 9 hadi 12 ya kuvumilia maji, yenye mbao nyembamba pembeni. Ubao wa unga wa mbao uliogandishwa, ule wa makabati ya dukani, msiulete pwani: mvua moja ya masika ikipenya, unavimba kama andazi.

Kwa hiyo makabati ya baba hayahami kama yalivyo. Najua hilo ndilo litakalouma kuliko yote. Lakini vishikio, bawaba, ile meza ya kukunja kama anayo, na ubao wa juu wa jiko, vyote vinahama. Mpeni kazi ya kujenga mpya yeye mwenyewe. Mimi nitashika nyaya na gesi, yeye ashike mbao. Nimeona wanaume wengi wakigoma kuuza gari kubwa, na ukichunguza hawapendi gari, wanapenda ile miezi waliyokuwa wakiligonga nyundo.

Gesi kwa ufupi: achaneni na mtungi wa kilo 15, chukueni wa kilo 6. Ukae kwenye kisanduku chenye tundu chini kabisa, kinachopumulia nje, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama sakafuni mnapolala. Jiko la mkaa lisiingie ndani hata likiwa limebaki majivu. Chumba ni kidogo, na hewa ya sumu ya mkaa haina harufu.

Joto mtalipambana kwa madirisha mawili yenye neti yanayotazamana, na feni ya paani inayovuta hewa nje. Desemba hadi Machi hata hivyo mtaota jasho. Lushoto yenye baridi ipo.

Sasa tuje kwenye mafuta, maana ndiyo sababu uliyoitaja. Coaster ya injini ya dizeli ya 1HZ, nilivyozoea kuiendesha, inakwenda kilomita 6 hadi 7 kwa lita. HiAce ya dizeli ya lita 3 inakwenda kama 10. Dar hadi Mbeya ni kilomita 830 hivi, kwa hiyo mtaokoa kama lita 45 kwenda na nyingine 45 kurudi. Mkitoka mara mbili kwa mwaka, mama, hizo hazirudishi gharama ya kununua na kutengeneza gari jingine hata mkiishi miaka mia. Msiuze kwa ajili ya mafuta. Sababu ya kuuza ni ile uliyoipitia haraka kwenye swali lako: mwaka mzima imetoka mara mbili. Gari linalosimama linaoza. Breki zinashika, mipira inakauka, tairi sita zinapasuka kwa jua zikiwa na meno yake yote. Kama HiAce itawatoa mara kumi na mbili kwa mwaka, hata kwa mafuta mengi zaidi, ndiyo rahisi.

Na itawatoa, kwa sababu ya vitu vidogo. Mtaenda nayo sokoni. Mtaenda nayo msibani Morogoro na kulala humo bila kumsumbua mwenye nyumba. Kwenye pantoni ya Kigamboni na kwenye daraja hamtalipishwa kama basi. Mizani ya Vigwaza mtaipita bila foleni, kwa kuwa uzito wake ukijaa hauvuki kilo 3,500. Hifadhini ada ya gari hupangwa kwa uzito wa gari tupu, na hapo tofauti ya Coaster na HiAce mtaiona langoni. Mchanga wa Kimbiji na Buyuni utawakwamisha vile vile, magari yote mawili yanasukuma kwa nyuma, ila HiAce vijana wanne wanaitoa. Coaster yenu ilihitaji trekta, au siyo?

Kuuza. Hapa Dar mteja wa Coaster ni mwenye daladala au mwenye shule. Hataki kitanda chenu. Kwake choo ni shimo kwenye bodi atakalolipa kuziba, na atawakata bei kwa kila kabati. Kwa hiyo msiiuze kama nyumba isipokuwa mmempata mtu anayeitaka hasa, na mpeni miezi mitatu tu ajitokeze. Akikosekana, ng'oeni kila kitu, uzeni friji, tenki, inveta na godoro kimoja kimoja, zibeni shimo, rudisheni viti, muuze basi. Kadi ya gari iangalieni pia: kama matumizi yalibadilishwa kutoka biashara kwenda binafsi, mnunuzi wa biashara atahitaji kurudisha namba nyeupe, na atatumia hilo kuomba punguzo. Na HiAce yenu mpya ikishageuzwa, rangi au matumizi yakibadilika yaingizwe TRA, na kampuni ya bima iambiwe wazi kwamba ni gari la kulala. Likiungua ikaonekana lilikuwa na mtungi ambao hawakuujua, mtabishana nao peke yenu.

Kabla ya yote hayo, mama, muulize baba vile viti ishirini na kitu vya basi la shule aliviweka wapi. Kama viko stoo na panya hawajavila, Coaster yenu ina bei. Kama aligawa, njooni na baba gereji siku yoyote isiyo Jumatatu tupige hesabu upya, na yeye aje na futi yake.